Pampu Haiwashwi Kavu

Debe la tisa lilimiminwa lote na bado pampu haikushiba. Dionis Limbu alitega sikio kwenye tumbo lake la chuma, akasikia hewa ikigugumia ndani kwa ndani. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kudai debe la kumi.

"Hii pampu yenu ina minyoo," alisema Mama Koleta akiteremsha debe kichwani. "Mwezi uliopita ilikuwa ikishiba kwa sita."

"Si minyoo, mayu," alijibu Dionis, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Ni valvu ya chini, ile iliyozama kisimani mwisho wa bomba. Kazi yake ni kuyazuia maji yasirudi, na sasa imechakaa, haizuii kitu. Pampu ikizimwa jioni, maji yote yanateremka kurudi kisimani. Asubuhi inaamka tupu."

"Na wenyewe hawajui?"

"Karani amewaandikia mara nne."

Mama Koleta alicheka kwa pua. Nyuma yake walikuwa wamebaki wanawake wawili kwenye njia ya mchanga, kila mmoja na debe lake kichwani, na juu ya maji kitawi cha majani mabichi ili yasirukeruke wakati wa kutembea. Waliokwisha kumimina walikuwa wameketi chini ya ukuta, wamenyoosha miguu. Wa mwisho katika mstari alikuwa Veneranda, mke wa Dionis, na mtoto wao Flavia alikuwa amelala mgongoni mwake.

Maji hayo waliyachota kwenye visima vya wapagazi. Havikuwa visima vya kujivunia: mashimo matano tu katika mchanga wa mto mkavu wa Kasandala, yaliyochimbwa enzi za misafara, babu yake Dionis alipokuwa akibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani, bega moja likawa chini kuliko jingine mpaka anazikwa. Wapagazi mamia kwa mamia walikuwa wakinywa hapo na kubakiza. Sasa, mwezi wa Oktoba, mwanamke alishuka shimoni mpaka mabegani, akachota kwa kata, akasubiri mchanga utoe tena, akachota. Debe moja lilikula saa nzima, na maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Yalianza kupungua mwaka ule Kampuni ya Mbao ilipochimba kisima chake hatua mia mbili juu ya hapo, kirefu na kipana, wakakifunika kwa zege mpaka mdomoni. Mtu hawezi hata kutumbukiza kata. Kinachoingia mle ni bomba tu, na bomba ni la pampu, na pampu ni ya Kampuni. Maji yake hupanda kwenye tangi, tangi hulisha boila la mvuke la kinu cha mbao na nyumba ya Bwana, na ikifika jioni halina hata maji ya kunawa uso.

Ndiyo maana lilikuwapo lile patano. Bwana wa kwanza, Mgiriki mmoja mnene aliyeitwa Kosta, mtu wa matusi lakini mwenye akili za kazi, aliona kwamba pampu haiwezi kuamka bila kunyweshwa. Akawaita wanawake. "Nyinyi pa debe moja asubuhi," aliwaambia, "mimi pa madebe mawili mchana." Akaweka bomba dogo nje ya uzio, mbele ya macho ya kila mtu. Miaka minne walitoa moja wakapewa mawili, maji meupe, yasiyo na mchanga.

Debe la kumi na moja likazama. Dionis alifungua kijibomba kidogo kilichokuwa juu ya pampu. Kikapiga chafya, kikatema povu, kikatema tena, halafu yakatoka maji matupu, uzi mmoja usiokatika. Akakifunga. Alilirudisha debe la Veneranda bila kulimimina.

"Hili nenda nalo nyumbani, Mama Flavia."

Baada ya hapo hakuruhusu mtu kumsemesha. Aliipitia kazi kama alivyofundishwa Misri wakati wa vita, katika kikosi cha maji, na sajenti mmoja aliyekuwa akimpiga makofi kwa kila hatua aliyoiruka. Valvu ya kutoa, imefungwa. Valvu ya kufyonza, wazi mpaka mwisho. Akaizungusha ekseli kwa mkono mara tatu kuona kama haikwami. Akatikisa kikinga cha mkanda unaoiunganisha injini na pampu, kikawa imara. Akapandisha mikono ya shati juu ya viwiko, akawarudisha wote nyuma ya mstari wa chokaa aliouchora mwenyewe sakafuni, kwa sababu mkanda hauchagui khanga ya nani. Ndipo akashika hendeli ya injini ya dizeli. Injini ilikohoa, ikashika. Sindano ya kipimo ilipopanda akaanza kufungua valvu ya kutoa, kidogo, akasubiri, kidogo tena. Mwisho akainama kutazama pale ekseli inapoingilia kwenye pampu. Tone moja likaanguka. Tone la pili. Pakingi, ile kamba inayoziba hapo, lazima idondoshe, sajenti alikuwa akisema; ikiacha kudondosha ujue inaungua.

Huko juu tangi likaanza kunguruma. Wanawake wakainuka na kujifunga khanga vizuri. Dionis hakuwa mtu wa kujisifu, lakini mlio ule aliupenda, na kila asubuhi aliusikia kama mara ya kwanza.

Bwana mpya aliitwa Haldeni, lakini katika wiki moja watu walikuwa wamekwisha kumwita Bwana Saa. Saa yake aliishika kiganjani, hakuivaa. Mchana ule aliwakuta wanawake kwenye bomba la nje, madebe yamepangwa, Mama Koleta akiyasimamia asiwepo wa kuruka zamu. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema maneno mengi kwa Kiingereza na karani wake, Twalibu, akayasikiliza kichwa kikiwa upande mmoja. Twalibu alikuwa mzaliwa wa Chemchem, mjini Tabora, mtu wa kofia safi na mwandiko mzuri kuliko wote kuanzia hapo mpaka Goweko.

"Bwana anauliza hawa ni nani," alisema Twalibu.

"Mwambie ndio wanaoinywesha pampu," alijibu Dionis.

"Hapana," Bwana Saa alimkata. Kiswahili alikuwa nacho cha kuamrisha tu. "Hii maji ya Kampuni. Mimi hapana toa sadaka."

"Si sadaka, Bwana. Wanatoa debe moja, wanarudishiwa mawili. Ni patano la Bwana Kosta."

"Kosta kwisha kwenda."

Aliingiza mkono mfukoni akatoa kufuli, jipya, bado lina mafuta ya dukani. Alilipitisha mwenyewe kwenye kishikio cha bomba. Mwanamke aliyekuwa akikinga alibaki ameinama na debe lenye maji vidole vinne, akitazama kinywa cha bomba kana kwamba kitabadili mawazo.

"Twalibu," alisema Dionis, "muulize basi, kesho pampu itakunywa nini."

Twalibu aliuliza. Bwana Saa alijibu huku akitazama saa.

"Anasema wanawake wataleta kama kawaida. Ameshaongea na mwanangwa."

Mwanangwa Damas, mkuu wa kijiji, alipita nyumba kwa nyumba kabla jua halijashuka. Ujumbe ulikuwa mfupi: atakayekosa kupeleka debe ataandikwa jina, na mumewe atakwenda kuchimba barabara. Kwa Dionis hakuingia, alisemea uani tu. Veneranda alikuwa akisonga ugali. Alisonga mpaka Damas akaondoka, akasonga na baada ya hapo, ugali ulikuwa umeiva zamani.

"Mtoto akinywa maji ya shimoni anaharisha," alisema. "Unajua. Alipoanza kunywa ya bomba alinyanyuka."

"Najua."

"Kesho nitasimama kwenye mstari, nitaleta maji ya Flavia. Na wewe utaninyooshea mkono uyapokee. Nataka kujua tu, Baba Flavia, utanitazama mimi au utatazama pampu?"

Dionis aliusogeza ugali karibu. Alikula, au mikono yake ilikula. Miaka minne alikuwa akijiona ni fundi, mtu wa valvu na vipimo, na kumbe mkono unaopokea debe ni wake na si wa Kampuni. Ilimuuma zaidi kwa kuwa alichelewa kuiona.

Asubuhi walikuja wote. Ilikuwa ajabu kuwasikia wanawake kumi na wawili wa Kasandala wakitembea bila neno. Mama Koleta leo alikuwa wa kwanza.

"Mwangaluka, baba," alimwamkia.

"Mwangaluka, mayu."

Alisubiri mkono. Dionis alikuwa amesimama mbele ya faneli ya pampu, ule mdomo wa kumiminia maji. Alikichukua kifuniko chake kilichokuwa kikining'inia kwa mnyororo, kifuniko ambacho hakikuwahi kutumika kwa sababu nani ana haja ya kufunika faneli, akakikandamiza juu yake kwa kiganja.

"Leo sipokei."

"Damas ataandika majina."

"Aandike langu. Nyinyi mmeleta, mimi nimekataa. Mmesikia wote? Mmeleta. Mimi, Dionis mwana wa Limbu, ndiye niliyekataa. Rudini na maji yenu."

Hakuna aliyeondoka mara moja. Mama Koleta alimtazama machoni, kisha akatazama kile kifuniko na mkono uliokuwa juu yake.

"Haya," alisema yule mama. Alijitwika debe lake mwenyewe bila kusaidiwa, akageuka, na mstari wote ukageuka palepale ulipokuwa. Veneranda, aliyekuwa wa mwisho, sasa akawa wa kwanza kurudi.

King'ora cha kinu hakikulia. Saa moja ikapita, wapasuaji mbao wakaketi juu ya magogo ya mninga, wengine wakaanza kucheza bao kwa kokoto. Bwana Saa alifika kwenye kibanda cha pampu akitembea haraka, Twalibu nyuma yake.

"Wewe. Washa."

"Haina maji, Bwana."

"Maji iko kisima. Pampu kazi yake kuvuta maji. Washa."

"Pampu hii haivuti hewa, Bwana. Inavuta maji yakiwa yamo ndani yake tayari. Ikizunguka kavu inaungua, pakingi inaungua, ekseli inaungua. Haiwashwi kavu. Valvu ya chini ingebadilishwa ingekaa imejaa yenyewe, nimeomba mara nne." Alimgeukia karani. "Mwambie vizuri, Twalibu. Mwambie kwa Kiingereza chako chote."

Twalibu alimwambia. Tumpe haki yake, alimwambia yote; Dionis alijua Kiingereza cha jeshini cha kutosha kusikia neno kavu na neno valvu yakipita.

Bwana Saa alicheka. "Nani kufundisha wewe?"

"Jeshi la Mfalme, Bwana. Misri."

Kicheko kikafa. Alimsukuma Dionis kando kwa bega, akauvuka mstari wa chokaa, akaondoa kikinga cha mkanda kwa sababu kilikuwa kikimzuia kuona, akakitupa ukutani. Hakugusa valvu hata moja. Alizungusha hendeli kwa nguvu za mtu aliyekasirika, na injini, ambayo haikuwa na kosa na mtu, ikashika.

Sauti ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Mlio wa kawaida wa pampu ni mzito, una uzito wa maji. Huu ulikuwa mwembamba na ulizidi kupanda. Sindano ya kipimo ilitetemeka kwenye sifuri. Bwana Saa alitazama sindano, akatazama saa, akasubiri. Dionis alitazama pale chini kwenye pakingi. Hakukuwa na tone. Baada ya dakika chache kulikuwa na moshi.

"Zima, Bwana."

Bwana Saa aligusa tumbo la pampu akaurudisha mkono kwa kasi. Ndipo alipoogopa, na hofu ya wakubwa hutoka kama amri. "Maji! Lete maji! Pipa ya nyumbani! Upesi!"

Watu wawili walikwenda mbio nyumbani kwake wakarudi na ndoo mbili za maji kutoka kwenye pipa la jikoni. Kumbe yalikuwapo. Hayo yangetosha kuwa mwanzo, kama yangemiminwa kwenye faneli saa moja kabla. Sasa pampu ilikuwa imewaka kama kikaango kilichosahauliwa motoni, na wao walikuwa wakikimbilia kumwaga juu yake.

"Msimwage!" Dionis alipiga kelele. "Msimwage maji! Msimwage!"

Bwana Saa alinyakua ndoo akaimwaga mwenyewe. Mvuke ulijaa kibanda chote. Katikati ya mvuke ulisikika mlio mmoja, kavu, mfupi, wa chuma cha kumimina kinapopasuka. Ekseli ikakaza. Mkanda usio na kikinga ukachomoka, ukachapa ukuta palepale alipokuwa amesimama Twalibu sekunde moja kabla, ukaondoa lipu ya upana wa bamba la mlango.

Injini ilizunguka peke yake, nyepesi, bila kazi. Dionis alikwenda akaizima.

Karatasi ilikuwa tayari saa nane mchana. Twalibu aliisoma kwa sauti ofisini, Bwana Saa akiwa dirishani amewapa mgongo.

"Mimi, Dionis Limbu, mtumishi wa Kampuni, nilikataa kujaza maji katika pampu nikaiwasha ikiwa kavu. Walipokuja watu na maji kuiokoa niliwazuia kwa kelele. Pampu ikapasuka kwa uzembe wangu." Alilaza karatasi mezani, akasogeza kisahani cha wino. "Ukiweka dole gumba hapa unaachishwa kazi, basi, unakwenda zako. Usipoweka, unapelekwa Tabora, mahakamani, kwa kuharibu mali."

"Mimi naandika jina langu. Sina haja ya dole."

"Basi andika jina."

"Kwenye hii? Nani aliwasha pampu, Twalibu?"

Karani alinyoosha pembe ya karatasi iliyokuwa imenyooka.

"Ulikuwapo. Mkanda nusura ukutoe shingo. Nani aliwasha?"

"Dionis," alisema Twalibu kwa sauti ya chini, "mama yangu yuko kitandani mwaka wa pili. Mimi ndiye niliyebaki. Usiniulize mambo hayo hapa."

"Nitakuuliza wapi?"

Dionis alichukua kalamu. Kwa muda kidogo ofisi yote ilifurahi. Hata mgongo wa dirishani ulilegea. Aliandika taratibu, kwa mwandiko wa shule ya misheni, chini kabisa ya karatasi: Si kweli. Aliwasha Bwana. Kisha ndipo akaandika jina lake, lote.

Mahakamani hakukuwa na mengi. Aliulizwa kama aliwarudisha wanawake na maji, akasema ndiyo. Aliulizwa kama alipiga kelele watu wasimwage maji, akasema ndiyo, na alipotaka kueleza kwa nini, aliambiwa kwamba swali limekwisha jibiwa. Twalibu aliitwa shahidi. Aliapa, akasema kwamba yeye ni mtu wa makaratasi, mambo ya mashine hayajui. Ile karatasi yenye maneno ya chini haikuonekana. Dionis akapewa miezi sita na kazi ngumu.

Kinu kilikaa kimya wiki saba. Pampu mpya ilikuja kwa reli kutoka Dar es Salaam, imefungwa kwenye kreti, na kwa kuwa wapasuaji mbao walikuwa wametawanyika kwenda kutafuta kazi kwingine, Kampuni ikaomba kuazimwa wafungwa kumi. Dionis alikuwa mmoja wao. Pengine ilitokea tu, pengine Bwana Saa alitaja jina, maana katika Kasandala yote hapakuwa na mwingine aliyejua kuiwasha.

Mvua ilikuwa bado, imechelewa mwaka huo. Walishuka kwenye lori wakiwa na kaptula nyeupe na fulana za namba, na Dionis akaiona pampu kabla ya kitu kingine chochote. Ilikuwa nzuri, hilo hakuweza kulikana. Rangi ya kijani, faneli ya shaba. Alifuata bomba la kufyonza kwa macho mpaka lilipozama kwenye zege. Lilikuwa bomba lilelile, na kutu yake ileile.

"Valvu ya chini mmebadilisha?" aliuliza.

Twalibu alikuwa amesimama mlangoni na daftari. "Haikuwamo katika oda," alisema, akitazama daftari.

Ukutani, juu ya pale mkanda ulipobandua lipu, palikuwa na ubao mpya, maandishi meupe ya rangi ya mafuta. Mwandiko wa Twalibu, hakuna asiyeujua. Bwana Saa aliuelekezea kidole.

"Soma."

Dionis alisoma kwa sauti, ili hata waliokuwa nje wasikie. "Masharti ya kuwasha pampu. Moja. Jaza pampu maji mpaka hewa yote itoke. Kamwe usiwashe kavu." Akageuka. "Haya ndiyo niliyofungwa kwayo, Bwana."

Twalibu hakutafsiri.

"Mzuri," alisema Bwana Saa. "Wewe najua. Lete maji, washa, mimi sema na jela. Pengine toka mapema."

Wafungwa wakapewa madebe wakapelekwa mtoni, askari jela mmoja mbele, mmoja nyuma. Kwenye visima vya wapagazi wanawake walikuwa wamesimama kando, mstari mrefu, madebe matupu miguuni. Walikuwa hapo tangu alfajiri. Mwanangwa Damas alikuwa amewaambia hakuna wa kushuka shimoni mpaka pampu inywe kwanza, na kwa vile Bwana hakutaka tena kumtegemea mwanamke kukubali au kukataa, maji yangebebwa na wafungwa. Mama Koleta alikuwa mbele. Veneranda alikuwa nyuma yake, na Flavia mgongoni, amepungua, shingo imekuwa ndogo kuliko alivyoiacha.

"Mwangaluka, mayu," alisema Dionis akipita.

"Usiongee na watu!" askari alifoka.

"Mwangaluka, baba," alijibu Mama Koleta, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya mto.

Dionis alishuka shimoni. Alichota kwa kata, akasubiri, akachota. Mchanga ulitoa taratibu kuliko wakati wowote aliokumbuka, na alikuwa na nafasi ya kutosha ya kuwaza. Madebe kumi na moja, au kumi na matano sasa. Jioni yatateremka yote kurudi chini ya zege, na kesho wataanza tena. Aliwaza pia yale maneno ya pengine toka mapema. Aliyawaza kwa uaminifu, maana alitaka sana kulala nyumbani kwake. Debe lilipojaa alikwangua mchanga uliokuwa ukielea, akakata kitawi akakiweka juu ya maji, akajitwika.

Wafungwa wengine walishika njia ya kibandani. Yeye alitoka shimoni akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa wanawake, hatua kumi hivi, si zaidi. Hakukimbia. Mbele ya Veneranda alilishusha debe kutoka kichwani mwake, na kabla askari hajaelewa anachokiona, alikuwa amemtwisha mkewe.

"Nenda. Usigeuke, yatamwagika."

Fimbo ya kwanza ilimpata mgongoni, ya pili ikampata sikioni. Alipiga magoti. Karibu naye alikuwa amesimama mfungwa mwenzake, Hilari, mkulima wa Kaliua aliyefungwa kwa kukosa kodi ya kichwa, debe lake limejaa, macho yakienda kwenye kibanda cha pampu na kurudi kwenye lile debe tupu la Mama Koleta. Askari wa pili alikuwa akimpigia kelele atembee. Hilari hakutembea, wala hakulishusha debe.

Dionis hakuwatazama hao. Kupitia miguu ya askari aliiona njia ya mchanga ikipanda kwenda kijijini, na Veneranda juu yake, debe kichwani, mtoto mgongoni. Bila shaka alikuwa akisikia kila fimbo. Bega lake moja lilitikisika kila ilipotua, lakini shingo ilibaki imesimama wima, na kitawi cha majani kilikaa palepale juu ya maji, mpaka alipoikaribia nyumba ya kwanza, na askari alikuwa bado hajachoka.